Damu Isiyo na Kosa

Mji ule haukuwa na jina. Waliouanzisha walibishana juu ya jina mpaka wakafa, na watoto wao wakaona uvivu kuendeleza ubishi wa marehemu, wakauita Mji, basi. Ulikaa juu ya uwanda wa mawe mekundu, na mchana wake ulikuwa mrefu kupita kiasi. Kuna siku jua lilifika utosini likatulia hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Humo ndimo alimoishi Sikudhani, mchambuzi wa mbegu katika ghala la Mji, pamoja na mumewe Hamduni, fundi wa mizani, na mama yake Hamduni, Bi Mkasi, na mabinti wawili: Tunu wa miaka saba na Mishi wa miaka mitano. Halafu Tunu akafa, wakabaki wanne.

Alikufa kwa saratani ya damu. Ilianza kwa homa ndogo isiyokwisha, kisha midomo ikapauka, kisha mifupa ikamuuma hata akaomba kubebwa mgongoni kama mtoto mchanga. Ilikuwa miezi minane. Katikati ya miezi hiyo dawa ziliufukuza ugonjwa, ukaondoka kweli, nywele zikaanza kuota upya, laini kama manyoya ya kifaranga, na Bi Mkasi akapika pilau. Kisha ukarudi, na safari ya pili haukusikiliza dawa. Hayo ndiyo yaliyotokea kwa macho ya watu. Yaliyotokea baadaye yalitokea ndani ya vifua, ambako hakuna shahidi, na huko ndiko tunakokwenda.

Baada ya arobaini watu hawakujua wamwite Sikudhani nani. Kwa miaka saba alikuwa Mama Tunu. Sokoni, ghalani, kisimani, hata mumewe hakumwita vinginevyo. Sasa waliosema Mama Tunu walitazama chini kama watu waliomwaga maji ya mwenyewe, na waliosema Mama Mishi waliona haya kwa haraka yao. Wengi waliamua kukohoa tu. Sikudhani aliwaelewa. Naye pia, akijitazama katika beseni la kunawia, hakujua ni nani aliyekuwa akimtazama. Alijiuliza: mama ni mtu, au ni uzi uliofungwa kati ya watu wawili? Ukikatwa upande mmoja, unaobaki mkononi ni uzi bado, au ni kipande cha nyuzi kisicho na kazi? Kazini aliinamia ungo, vidole vikitenga punje nzima na punje zilizotobolewa, na jioni hakukumbuka ametenga nini. Siku zilimpita hivyo, nyingine mara mbili. Aliweza kuapa kwamba Jumanne moja ilirudi ikiwa na mawingu yale yale na yule yule muuza majani ya chai mlangoni, ila mara ya pili hakumsalimu.

Siku moja wakiwa wanakula, Bi Mkasi aliweka tonge chini, akasema bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Nimevipitia vizazi vitano vya kwetu. Waliokufa kwa ndui wapo. Aliyeliwa na mamba yupo. Wa damu hayupo."

Hamduni alisema, "Mama, tule."

"Ninakula. Sisemi ni kosa la mtu. Nasema kwetu haikuwapo."

Sikudhani alitazamia kuumia, akangoja maumivu yaje, hayakuja. Badala yake alihisi kitu kama sakafu chini ya miguu yake. Kwa miezi alikuwa akianguka ndani ya shimo lisilo na mwisho, na shimo lisilo na mwisho lina ubaya huu, kwamba hata kuvunjika huvunjiki. Sasa mkwewe alikuwa amemwekea sakafu. *Ni mimi. Imetoka kwangu. Niliibeba nisijue, nikampa pamoja na maziwa.* Alilala mchana ule kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kuna watu watakaouliza ni mwanamke gani huyo anayefarijika kwa kulaumiwa. Wanaouliza hivyo hawajawahi kukaa mbele ya jambo lisilo na sababu. Binadamu huvumilia njaa, kifungo, na kupigwa, mradi ajue ni kwa nini. Ukimnyima hiyo kwa nini, ataitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na akikosa udongo wa kuitengenezea atatumia nyama yake. Ndiyo maana wenye nguvu wa dunia hii hawakuwahi kukosa watu wa kulaumu, wala watu wa kujilaumu hawakuwahi kukosa wateja. Sikudhani hakuyafikiri haya kwa maneno. Aliyafikiri kwa usingizi ule.

Wiki ile ile ikaja barua kutoka Jumba la Kusoma Damu. Wakati Tunu yu mgonjwa, wote wanne wa nyumba ile, pamoja naye, walitolewa damu kidogo, wakaambiwa itasomwa ili ijulikane kama ugonjwa umepita katika ukoo. Barua ilikuwa na mistari miwili. Majibu yako tayari. Wazazi waje wote wawili.

Jumba lilikuwa upande wa Mji ambako barabara hazikuwa na vivuli. Lilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na ukutani palitundikwa saa kumi na mbili, kila moja ikionyesha wakati wake, na hakuna aliyejishughulisha kuzilinganisha. Karani aliwaambia wangoje. Hamduni, ambaye maisha yake yote alikuwa akipita masokoni kuhakikisha kilo ni kilo, alizitazama zile saa kwa uchungu, akatoka nje kuvuta pumzi. Sikudhani akabaki peke yake kwenye benchi, kisha akaona kwamba hakuwa peke yake.

Kulia kwake alikuwa ameketi mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga kaniki. Alikuwa na pua ya Sikudhani. Alikuwa pia na ile tabia ya Sikudhani ya kukunja kidole gumba ndani ya ngumi. Alikuwa bibi wa bibi yake, Bi Mwaka, aliyefariki kabla nyumba ya kwanza ya Mji haijaezekwa bati. Sikudhani alimjua mara moja, kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba aliyozaliwa, na hakushangaa. Katika ukumbi wenye saa kumi na mbili, mtu hufika wakati wowote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee alikuwa na wasiwasi. Alitazama mlango wa ofisi mara kwa mara. "Wataniita na mimi?"

"Sidhani, bibi. Wameita wazazi."

"Nimesikia nimekupa kitu. Sikulala tangu nisikie, na huko niliko watu hulala sana. Nilijua nimekupa pua hii. Nilijua nimekupa sauti, maana binti yangu aliimba, na binti yake. Hicho kingine sikujua ninacho. Kama ningejua—"

"Ungefanya nini?"

Saa mojawapo iligonga, nyingine zikakataa.

"Nilizaa tisa," alisema Bi Mwaka mwishowe. "Mmoja alikuwa akiitwa Mvita. Alianza kwa homa. Akawa mweupe kama unga. Akasema mifupa inamuuma, nikamkanda na mafuta ya nyonyo, nikamkemea aache kulia maana wenzake wanalala. Tulisema amelogwa. Tulimtaja aliyemloga, mwanamke jirani, mjane. Alihama. Alihama kwa miguu, na mzigo kichwani, mimi nikitazama, na moyo wangu ukatulia." Akamgeukia Sikudhani, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. "Ulitulia, mjukuu wangu. Hilo ndilo lililonileta. Sikuja kwa ajili ya damu."

Sikudhani alitaka kumsamehe lakini hakujua ni kwa niaba ya nani. Mjane hakuwapo ukumbini. Alipofumbua kinywa, karani aliita jina lake, Hamduni akaingia kutoka nje, na benchi likawa benchi.

Daktari Ngoli alikuwa mwanamke kijana kuliko wao wote wawili, mwenye mikono mikavu ya mtu anayenawa kila mara. Aliwapa viti, akawapa pole kwa msiba. Kisha akasema:

"Tumesoma vinasaba vyenu, na vya binti yenu marehemu, na vya mdogo wake, na vya bibi yao. Sikuona kosa."

"Hukuona kitu?" Hamduni aliuliza.

"Niliona tofauti. Tofauti si kosa." Alimtazama Sikudhani. "Mama, fomu inasema unafanya kazi ghala la mbegu. Ukichota kibaba kimoja cha maharage, yatakuwamo mawili yanayofanana kabisa?"

"Hapana."

"Na yenye doa, yote ni mabovu?"

"Mengi huota vizuri tu."

"Ndivyo ilivyo. Pale panapoelekeza seli changa za damu namna ya kukua, nyinyi mna tofauti ndogo. Wewe unayo, baba anayo. Tunu aliipata kwenu wote wawili. Mishi pia. Bibi yao anayo."

Hamduni aliinua kichwa. "Mama yangu?"

"Mama yako. Karibu nusu ya Mji huu wanayo, baba. Mimi mwenyewe ninayo."

Akawaeleza taratibu. Kati ya watoto elfu mbili wasio na tofauti ile, mmoja huugua. Kati ya elfu mbili walio nayo kama Tunu, labda wawili, labda watatu. Alisema labda kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga ubao mbovu.

"Na wale wengine?" Sikudhani aliuliza.

"Wengine wepi, mama?"

"Wale elfu moja mia tisa na tisini na kitu."

"Wanacheza," alisema daktari. "Wanakwenda shule."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kuchukua kilicho chake, kama mtu anavyokwenda kuchukua mzigo ulioandikwa jina lake, na sasa alikuwa akiambiwa kwamba mzigo haupo. Akaanza kuutafuta mwenyewe.

"Homa ya kwanza nilingoja siku tisa. Nilimpa maji ya limau."

"Siku tisa hazikubadili kitu."

"Nilibeba magunia nikiwa na mimba yake. Mpaka mwezi wa nane."

"Magunia hayaanzishi ugonjwa huu."

"Nilikuwa na hasira wakati ule. Sikuitaka ile mimba mwanzoni. Baba Tunu anajua."

Hamduni hakuwa akijua. Aligeuza uso ukutani.

"Wala hasira haianzishi," alisema Daktari Ngoli kwa sauti ya chini. "Mama, sikiliza. Ile tofauti peke yake haitoshi. Lazima jambo la pili litokee. Seli moja inajigawa kuwa mbili, na katika kujigawa inakosea. Seli za mtoto hujigawa mara nyingi mno kila siku, na kukosea kumo. Mwili husahihisha. Mara moja haukusahihisha."

"Kwa sababu gani?"

"Hatujui."

"Nani anajua?"

"Nadhani hakuna, mama."

Kisha Hamduni akauliza kuhusu Mishi: wampe nini, wamkinge na nini, wamzuie asile nini. Daktari alisema akipata homa isiyoshuka wamlete upesi. Zaidi ya hapo wamlee. "Mleeni tu," alisema, na ilionekana kwamba neno lile alikuwa amelisema kwa watu wengi na halikuwa limempunguzia chochote.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa palepale. Njia nzima maneno yalijigonga kichwani mwa Sikudhani kama nondo katika taa. *Si mimi. Si yeye. Si mama yake. Si magunia, si limau, si hasira. Nani. Si mtu. Si kitu. Alikuwapo, akawa hayupo, na katikati hapana mkono wa yeyote. Basi nilimzaa ndani ya nini? Hii dunia ina mwenyewe, au ni ungo unaotikiswa na mtu aliyekwisha kuondoka?* Aliona ile sakafu ya mkwewe ikiondoka chini ya miguu yake, ubao mmoja mmoja, akaona lile shimo, lile lile, likiwa halijabadilika hata kidogo tangu aliache. Linaweza kumngoja mtu kwa subira ya ajabu, lile shimo. Halina haraka kwa kuwa halina nia.

Bi Mkasi alikuwa barazani anachambua mchele, Mishi akiwa amelala kwenye mkeka kando yake. Alipowaona aliweka ungo chini. Ndipo Sikudhani alipomtazama usoni, akaelewa. Tangu asubuhi alikuwa ameketi pale, akiogopa.

"Wamesema nini?"

Hamduni alifumbua kinywa.

"Ni mimi," alisema Sikudhani. "Imetoka kwangu. Kwenu haimo."

Alisema kwa sauti iliyotulia, na baada ya kusema alisubiri mumewe aseme, hapana, daktari hakusema hivyo. Hamduni alimtazama. Akamtazama mama yake. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, akaingia ndani.

Bi Mkasi alianza kulia. Akanyoosha mkono, akamvuta mkwewe, akamlaza kichwa mapajani kama ambavyo hakuwahi kufanya katika miaka tisa ya ndoa ile. "Basi, mwanangu," alisema, akimpapasa nywele. "Basi. Si kosa lako. Umeumbwa hivyo. Sasa tunajua." Na mikono yake ilikuwa mizito na yenye joto, na Sikudhani akalia pale kwa mara ya kwanza, kwa sauti.

Habari zilitembea. Kufikia Ijumaa uchochoro mzima ulijua kwamba damu mbaya ilikuwa ya Sikudhani, aliyoitoa kwao, mbali. Watu walikuwa wema. Waliacha kukohoa. Walimletea ndizi, walimletea samli. Wanawake wenye watoto walimshika mikono wakamwambia pole kutoka moyoni, na alihisi katika viganja vyao jinsi walivyopumua. Maana kila mmoja wao alikuwa amelala miezi kadhaa akiweka mkono kwenye paji la mtoto wake, na sasa amefunguliwa. Ugonjwa ulikuwa umepata anwani. Nusu ya wanawake wale walibeba katika miili yao kile kile alichobeba yeye, wakampa pole nacho.

Hamduni alilibeba jambo lile siku nne. Siku ya tano alimkuta mkewe uani anaanika nguo. Mkononi alikuwa na jiwe la mizani, la nusu kilo, akilizungusha kama mtu asiyejua analo.

"Daktari hakusema vile," alisema.

"Najua."

"Mama angekubali ukweli. Angeuzoea."

"Labda."

"Basi kwa nini?"

Sikudhani alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. Ilikuwa ya Mishi. "Nilihitaji pa kuuweka msiba huu," alisema. "Nilishindwa kuushika hivi hivi."

Hamduni alilitazama lile jiwe. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtu aliyenyang'anywa.

"Umeuchukua wote," alisema. "Na mimi wangu niuweke wapi?"

Mpaka wakati ule Sikudhani hakuwa amefikiri kwamba hatia ni kitu cha kugawana, kwamba nyumba moja inaweza kuwa na watu wawili wenye njaa ya kulaumiwa na sahani moja. Alimwona amesimama pale, mtu aliyekuwa akimbeba binti yake mgongoni kila asubuhi mpaka dirishani aone mbuzi wakipita, na sasa Mji mzima unamhesabu kuwa mume wa mwenye damu mbaya, mtu wa kuonewa huruma, asiyehusika. Alitaka kumgusa. Walikuwa wametengana kwa hatua mbili na kamba ya nguo.

Wakiwa wamesimama hivyo, Mishi aliingia mbio kutoka uchochoroni, vumbi mpaka magotini. Alisimama kati yao. Alikuwa analia bila kutoa sauti, jambo alilojifunza mwaka ule ili asimwamshe dada yake.

"Hawataki nicheze," alisema. "Wanasema nina damu ya mama. Wanasema nitakuwa kama Tunu. Mama, ninayo damu yako?"

Sikudhani alipiga magoti. Aliutafuta ukweli, akaupata. Ulikuwapo wote, aliukumbuka neno kwa neno. Unayo, na baba yako anayo, na hao wanaokukataza wanayo, na huenda usiugue kamwe, na huenda ukaugua, na hakuna ajuaye, na hakuna anayekutazama. Aliutazama uso ule mdogo uliokuwa ukingoja, na akaona kwamba hawezi kumtupa mtoto wa miaka mitano ndani ya lile shimo ambalo yeye mwenyewe, mtu mzima, alilikimbia.

"Hapana," alisema. "Wewe umechukua ya baba yako. Yote. Kwangu hukuchukua kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtoto aligeuka kumtazama baba yake. Hamduni alikuwa ameacha kulizungusha jiwe. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, na ndani yake mlikuwa na kitu kama maombi, ya kwamba mkewe ajizuie, au ya kwamba yeye apate kumzuia, haikujulikana ni yapi. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mishi alijifuta pua kwa mkono, akatoka mbio. Hawakuweza kumwona, ila walimsikia. Ukuta wa uani ulikuwa mfupi na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kubebeka mbali, ile sauti ya wanawake wa ukoo wa Bi Mwaka.

"Mimi si wa mama," alikuwa akiwaambia. "Nimeuliza. Mimi sina hata kitu kimoja cha mama."

Palikuwa na mnong'ono wa watoto wakishauriana. Kisha mmoja akasema, "Haya, njoo," na duara likafunguka, likafungwa, na mchezo ukaendelea. Sikudhani alibaki amepiga magoti vumbini. Hamduni alibaki upande wa pili wa kamba. Hakuna aliyekwenda kumsahihisha.